Timu ya Makasia Bila Mazoezi ya Pamoja: Mwongozo Kamili kwa Kocha wa Shule

Mazoezi ya pamoja yakisimamishwa, timu nyingi za makasia za shule hupita njia ileile. Siku ya kwanza kocha anatuma programu kali ya siku sita kwa wiki. Wiki ya kwanza wote wanaripoti. Wiki ya pili wanaripoti nusu. Ikifika wiki ya nne wamebaki watatu, na hao ni walewale ambao wangefanya mazoezi hata wasipoambiwa. Mimi nimeipita njia hiyo, na kila mara makocha huniuliza wakiwa katikati yake, wakiomba programu nyingine iliyo bora zaidi.

Programu nyingine haitawasaidia. Mwanafunzi haamki alfajiri kwa ajili ya karatasi. Anaamka kwa sababu ana kiti chake kwenye boti, na asipofika wenzake wanakaa nchi kavu wakimsubiri. Boti ikiondoka, na kiti kimeondoka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumrudishia kila mmoja mtu anayemsubiri. Mazoezi yanafuata baada ya hapo, na ni mepesi kuliko unavyodhani.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Orodha ya timu: jina, kiti, upande wa kasia, na namba ya simu ya mzazi au mlezi.
- Ruhusa ya maandishi ya uongozi wa shule na ya wazazi kwa mpango mzima, pamoja na jina la mtu mzima wa pili atakayekuwa kwenye mawasiliano yote ya timu.
- Daftari moja kwa kila mwanafunzi. Kurasa za nyuma za daftari la zamani zinatosha.
- Begi la mgongoni na kitu cha kulijaza. Chupa za maji ndizo bora, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, na mwanafunzi anajua uzito alioubeba bila mizani.
- Mpini wa ufagio, soksi, sakafu laini, mkeka au taulo nene.
- Saa au simu inayohesabu sekunde. Kamba ya kuruka ikipatikana.

Mashine ya kupiga makasia haimo kwenye orodha, na nimeiacha makusudi. Wanafunzi wawili wakiwa nayo nyumbani na kumi na wanne hawana, kila kitu utakachokijenga juu ya mashine kitawaambia wale kumi na wanne kwamba hawahesabiki. Walio nayo waitumie kwenye vikao vyao vya pumzi. Mpango wa timu usimamie vitu ambavyo kila mtu anavyo.

## Hatua ya 1: Jua ni kitu gani hasa kilichosimamishwa

Neno "mazoezi yamesimamishwa" hubeba mambo mengi. Ikiwa sababu ni ugonjwa wa kuambukiza, kilichokatazwa ni mkusanyiko. Ikiwa ni mafuriko au maji machafu, kilichokatazwa ni maji, na huenda timu inaweza kukutana uwanjani. Ikiwa ni mitihani, kilichopungua ni muda. Ikiwa ni ukaguzi baada ya ajali, boti zimefungwa lakini watu wako huru.

Omba agizo kwa maandishi, kisha uliza maswali matatu. Je, wanafunzi wawili wanaweza kufanya mazoezi pamoja? Je, vifaa vya shule vinaweza kutoka nje ya banda? Je, agizo litaangaliwa upya lini? Nimeona timu iliyokaa nyumbani wiki tano nzima huku kukutana wawili wawili kukiwa kunaruhusiwa tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeuliza.

Kama hakuna tarehe ya kurudi, usiahidi. Panga kwa vipande vya wiki mbili mbili, na mwisho wa kila kipande uwaambie wanafunzi unachokijua. Tarehe ya uongo ikipita, inawavunja moyo kuliko kutokuwa na tarehe.

Onyo: Tangaza siku hiyohiyo, kwa wanafunzi na kwa wazazi, kwamba hakuna anayeingia majini peke yake kwa boti yoyote. Wenye bidii zaidi ndio watakaojaribiwa. Boti ya mtu mmoja ni nyembamba na hupinduka kwa kosa dogo, miguu imefungwa ndani ya viatu, na bila boti ya uokoaji karibu hakuna wa kumwona.

Umefaulu ikiwa: mzazi yeyote akikupigia simu, unamweleza kwa sentensi mbili nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi.

## Hatua ya 2: Zungumza na kila mmoja kabla ya kutuma programu

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Wanatuma programu kwanza, kisha wanashangaa kwa nini fulani hafanyi, kumbe analala chumba kimoja na wadogo zake watatu na hana hata mita mbili za sakafu.

Piga simu kwa kila mwanafunzi, mzazi akijua. Dakika kumi zinatosha. Timu ya watu 16 inakugharimu muda usiofika saa tatu. Uliza ana nafasi gani ya kufanyia mazoezi, saa ngapi yuko huru kweli, anatumia simu ya nani na inaweza nini, ana maumivu gani, ana pumu au tatizo la moyo, na nyumbani mambo yakoje. Swali la mwisho liulize kwa upole, kisha nyamaza umsikilize.

Andika majibu kwenye ukurasa mmoja. Utaona timu inajigawa yenyewe: wenye nafasi na muda, wenye nafasi finyu au muda mdogo, na walio wagonjwa au wenye majeraha. Kundi la tatu halifanyi programu mpaka mhudumu wa afya aseme, lakini linabaki kwenye kila kitu kingine. Anayeuguza mgongo bado anaweza kumhesabia mwenzake kwa simu.

Usimlaumu asiye na simu ya kisasa. Programu yote inaingia kwenye ujumbe mfupi wa kawaida, au kwenye karatasi moja anayochukua mzazi shuleni.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja kwa kila jina saa yake na mahali pake pa mazoezi.

## Hatua ya 3: Mpe kila mwanafunzi mtu wa kumsubiri

Panga wanafunzi wawili wawili. Ningeshauri uwaunganishe wanaokaa viti vinavyofuatana kwenye boti. Huyu amezoea kuuona mgongo wa yule kila asubuhi. Wanajuana mwendo, na kila mmoja anajua mwenzake huchoka vipi. Usiunganishe marafiki wawili wa chanda na pete, maana watasameheana haraka. Wala usiwaunganishe wawili wenye nguvu kuliko wote ukawaacha waliobaki wajikongoje. Idadi ikiwa witiri, kundi moja liwe la watatu.

Kanuni ni moja: ujumbe unatumwa *kabla* ya mazoezi na baada yake. Makocha wengi hudai ule wa baada tu. Ujumbe wa baada ni taarifa, lakini wa kabla ni miadi. Mwanafunzi akishaandika "naanza saa kumi na moja na nusu," kuna mtu anayetazama saa. Tofauti yake utaiona ndani ya siku chache.

Mwenza akinyamaza siku mbili, mwenzake anapiga simu. Siku ya tatu anamjulisha nahodha, na nahodha anakujulisha wewe. Wafundishe swali la kwanza la simu hiyo: "Uko salama?" Swali la mazoezi lije baadaye, au lisije kabisa. Mtoto aliyenyamaza mara nyingi ana sababu nzito kuliko uvivu, na akisikia anachunguzwa atajificha zaidi.

Onyo: Mawasiliano yako na wanafunzi yapite kwenye kundi lenye mtu mzima wa pili. Usifanye simu ya video na mwanafunzi mmoja peke yake. Usiombe wala usiruhusu picha za miili au za mizani. Pia usiweke kwenye kundi jedwali la nani kafanya na nani hajafanya. Jedwali hilo huwafurahisha watatu wa juu na kuwafukuza watano wa chini.

Umefaulu ikiwa: kufikia wiki ya pili, habari ya mwanafunzi aliyekwama inakufikia kabla hujauliza.

## Hatua ya 4: Vikao vinne kwa wiki

Kwa nini vinne na si sita? Kulinda uwezo kunahitaji mazoezi machache kuliko kuujenga, mradi baadhi yake yabaki makali. Kinachoshuka kwanza ni pumzi. Ndani ya wiki mbili za kukaa tu, kiasi cha majimaji ya damu hupungua, moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, na ngazi zilizokuwa rahisi zinaanza kumhemesha mtu. Nguvu ya misuli hukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo vikao viwili ni vya pumzi, kimoja cha nguvu, na kimoja cha mwendo wa kasia kinachofanywa na timu nzima kwa simu.

### Kikao A: pumzi ya taratibu

Dakika 35 hadi 40 za kukimbia mchakamchaka, baiskeli, au kutembea kwa haraka mlimani. Kipimo ni mdomo: mwanafunzi aweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Akishindwa, apunguze. Vijana hukiona kikao hiki ni cha wavivu na hukikimbiza. Wakikikimbiza, wanafika kwenye Kikao C wamechoka, hawakifanyi kwa nguvu inayotakiwa, na mwishowe wana vikao viwili vya katikati visivyojenga kitu.

Asiyeweza kutoka nje aruke kamba dakika mbili, kisha atembee papo hapo dakika moja, mara 12. Mwenye ngazi apande na kushuka, akishuka kwa kutembea.

### Kikao B: nguvu

Mzunguko mmoja una mazoezi matano, kwa mfuatano huu:

1. Kuchuchumaa na kusimama, mara 15, visigino vikibaki chini.
2. Kuvuta begi, mara 12. Simama, inama kutoka nyonga mpaka kifua kikaribie kulala sawa na sakafu, mgongo ulionyooka kama ubao, magoti yamelegea kidogo. Vuta begi mpaka mbavu za chini, lishushe polepole.
3. Pushapu, mara 8 hadi 12. Asiyeweza aweke mikono kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani.
4. Kulala chali na kuinua makalio, mara 15.
5. Planki ya viwiko, yaani kuelekea chini ukijishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 30.

Pumzika dakika moja, rudia mpaka mizunguko mitatu itimie. Begi lianze na kilo tano.

Zoezi la pili ndilo la kusimamia kwa ukali. Mazoezi ya nyumbani karibu yote ni ya kusukuma: pushapu, kuchuchumaa, kuruka. Mpiga makasia anavuta. Akiacha kuvuta kwa wiki sita huku akipiga pushapu mia kila siku, anarudi na mabega yaliyojikunja mbele na mgongo wa juu uliolala. Wanaotumia kasia moja moja, ambao mwili wao hupinda upande mmoja msimu mzima, wavute pia kwa mkono mmoja mmoja, wakianza na upande ulio dhaifu. Likizo hii ni nafasi yao adimu ya kuusawazisha mwili.

### Kikao C: pumzi kali

Dakika kumi za taratibu. Kisha dakika nne kwa nguvu, dakika tatu za kutembea, mara nne. Malizia dakika tano za taratibu. Ndani ya zile dakika nne mwanafunzi asiweze kusema zaidi ya maneno mawili matatu, na ya nne ilingane na ya kwanza. Aliyeanza kama risasi akamaliza akijikokota amelikosea zoezi.

Dakika nne si namba ya kubahatisha. Mbio za mita 2,000 huchukua timu ya shule kati ya dakika sita na tisa hivi, kutegemea boti na umri. Vipande vya dakika nne vinamzoesha mtu kukaa ndani ya ule ugumu wa katikati ya mbio, ambapo mwanzo umesahaulika na mwisho hauonekani.

Usiweke Kikao C siku inayofuata Kikao B. Miguu itakuwa bado mizito.

### Kikao D: mwendo wa kasia, pamoja

Kimeelezwa kwenye Hatua ya 5.

### Kuongeza mzigo

Wiki mbili za kwanza usibadilishe chochote. Baada ya hapo ongeza kitu kimoja tu kwa wiki: dakika tano kwenye Kikao A, au mzunguko wa nne kwenye Kikao B, au kilo moja kwenye begi. Wenye muda mdogo wafanye B na C tu, na waambiwe wazi kwamba hivyo viwili vinawatosha kubaki kwenye timu. Mwanafunzi anayefanya viwili kwa miezi miwili ni wa thamani kuliko mwenye nguvu za soda aliyefanya sita kwa siku kumi.

Mwenye mashine ya kupiga makasia ya aina ya upepo asisukume kile kidude cha kupitisha hewa mpaka namba 10 akidhani ndiyo nguvu. Kati ya 3 na 5 kunatosha. Na asifukuze sekunde kila siku: kutoka mwendo wa dakika 2:30 kwa mita 500 hadi 2:00 kunahitaji nguvu karibu mara mbili, toka wati 104 hivi mpaka 203. Kila sekunde ya juu ni ghali kuliko iliyotangulia.

Onyo: Maumivu makali ya mbavu anapovuta pumzi, maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, maumivu ya kifua, au kuzimia, yote yanamaanisha kusimama na kumwona daktari. Mwenye homa hafanyi mazoezi, hata mepesi, na harudii programu mpaka apone kabisa. Mbavu na mgongo wa chini ndiko mchezo huu huumiza zaidi, hasa mzigo unapopanda ghafla.

Umefaulu ikiwa: mwisho wa wiki ya nne walio wengi bado wanafanya vikao vilevile, na wachache wameanza kuomba kuongezewa. Wanaoomba uwape kidogo.

## Hatua ya 5: Tunza mwendo wa kasia bila maji

Mwili unakumbuka mwendo, lakini ukiachwa unakumbuka na makosa ya zamani. Dakika 20 kwa wiki zinatosha kuuweka hai.

Mwanafunzi aketi juu ya mkeka, miguu mbele, soksi miguuni, sakafu laini chini ya visigino. Ashike mpini wa ufagio kwa mikono miwili. Kwenye boti miguu imefungwa na kiti ndicho kinachoteleza. Hapa makalio yanatulia na visigino ndivyo vinavyoteleza. Mpangilio wa viungo ni uleule.

Anaposukuma: miguu inanyooka kwanza, kisha kiwiliwili kinafunguka kutoka nyonga, mwisho mikono inaleta mpini kwenye mbavu za chini. Anaporudi: mikono inaondoka kwanza, kiwiliwili kinainama mbele kutoka nyonga, magoti yanapanda mwisho. Magoti yakipanda kabla mikono haijayapita, mpini unagonga magoti, na sakafu imemfundisha kosa lake bila kocha.

Sasa hesabu. Kwa mipigo 20 ya kasia kwa dakika, kila mpigo una sekunde tatu: moja ya kusukuma, mbili za kurudi. Ahesabu kwa sauti, "moja" akisukuma, "mbili, tatu" akirudi. Wanaokosa mara nyingi hukosa kwenye kurudi. Wanakimbilia mbele kana kwamba kuna mtu anawafukuza. Boti inateleza vizuri wakati wa kurudi, na anayekimbilia mbele anaisimamisha. Kama kuna jambo moja tu utakalolisahihisha kipindi chote hiki, lisahihishe hili.

### Jinsi ya kukiendesha kikao cha simu

Chagua siku na saa moja isiyobadilika. Dakika za kwanza tano ziwe za salamu na maneno ya kawaida, wala usione ni kupoteza muda; wengine wamejiunga kwa ajili ya hizo tano.

Kisha kila mtu azime maikrofoni isipokuwa mshika usukani. Yeye ndiye anayetoa amri. Mipigo 10 ya mikono tu, 10 ya mikono na kiwiliwili, 10 ya nusu ya miguu, 10 kamili. Rudia mara tatu, kwa kasi ya 18, 20, kisha 22. Malizeni kwa kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa kama mtu aliyeketi, dakika moja, mshika usukani akihesabu.

Usihukumu upatano kwa kutazama kioo cha simu. Sauti na picha huchelewa, na kila nyumba huchelewa kivyake, hivyo timu inayopiga pamoja kabisa itaonekana imevurugika. Acha kila mmoja aifuate sauti anayoisikia.

Mara moja kwa wiki mbili, kila mwanafunzi mwenye uwezo ajirekodi mipigo kumi tu, kwa ruhusa ya mzazi na akiwa amevaa nguo za kawaida za mazoezi. Simu iwe ubavuni, urefu wa nyonga, umbali wa mita tatu hivi. Kabla hujasema lolote, aandike yeye mwenyewe jambo moja analoliona. Kisha wewe umpe jambo moja. La pili lisubiri wiki mbili.

Umefaulu ikiwa: mpini unakwenda na kurudi kwa mstari mmoja ulionyooka, na kurudi kunachukua muda mara mbili ya kusukuma.

## Hatua ya 6: Usimsahau mshika usukani

Wapiga makasia wana begi na ngazi. Mshika usukani asipopewa kazi, ndiye wa kwanza kupotea. Mpe kikao cha simu akiongoze. Aandike amri zake zote kwenye daftari, afute zenye maneno mengi, na azisome kwa sauti mpaka zitoke fupi. Achore kwa kumbukumbu ramani ya maji mnayofanyia mazoezi: vina vifupi, nguzo, upande wa kupita, mahali pa kugeuzia. Ramani ikionyesha pengo, amepata la kuuliza.

Mkanye kupunguza uzito. Kanuni za kimataifa zimeweka kilo 55 kuwa uzito wa chini wa mshika usukani, na aliye mwepesi zaidi hubeba uzito wa nyongeza kwenye boti. Kujinyima chakula hakumpi timu yake chochote.

## Hatua ya 7: Pima, lakini kila mtu na daftari lake

Wiki ya kwanza, na kila baada ya wiki tatu, kila mwanafunzi apime mambo matatu: umbali anaofika kwa dakika 20 kwenye njia yake mwenyewe, au idadi ya miruko ya kamba kwa dakika tano, sekunde za planki bila kiuno kushuka, na mapigo ya moyo kwa dakika nzima asubuhi kabla hajaondoka kitandani.

La tatu ni la kumlinda, hivyo hilo alipime kila asubuhi. Akiona kwa siku kadhaa moyo unapiga haraka kuliko kawaida yake na mwili mzito, apumzike siku mbili na alale. Kijana anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi, na wengi hawazipati.

Matokeo yabaki kati yake, mwenza wake na wewe. Njia ya mmoja ina mlima na ya mwingine ni tambarare. Kuyashindanisha ni kuwadhulumu. Vipimo hivi visitumike kamwe kuchagua nani akae kiti gani.

## Hatua ya 8: Boti zisioze mkiwa mbali

Kama agizo linaruhusu mtu mzima kuingia bandani, apite mara moja kila wiki mbili. Boti zioshwe kwa maji safi, zikauke, zilale pasipo jua. Vifuniko vya vyumba vya hewa viachwe wazi ili unyevu utoke, na karatasi kubwa ibandikwe ukutani: FUNGA VIFUNIKO KABLA YA KUSHUSHA MAJINI. Vyumba hivyo ndivyo vinavyoielesha boti ikijaa maji. Reli na magurudumu ya viti yafutwe, makasia yatazamwe kama yana ufa.

## Hatua ya 9: Kurudi majini

Majeraha mengi ya kipindi hiki hutokea hapa, katika siku kumi za kwanza za furaha. Pumzi iko, hamu iko, lakini mbavu, mgongo na viganja havijavuta kasia kwa wiki nyingi.

Kabla ya boti yoyote kushuka, kagua kila kiti: kamba fupi za visigino ziwe imara ili viatu viachie mguu boti ikipinduka, mpira wa omo, ule mdogo wa kinga kwenye ncha ya mbele ya boti, uwepo na umeshikwa vizuri, vishikizo vinavyoshika makasia ubavuni mwa boti vifungike. Kila mwanafunzi arudie kipimo cha kuogelea na zoezi la kupinduka, hata bingwa wenu. Walioanza mchezo muda mfupi kabla ya kusimamishwa wahesabiwe kuwa wapya kabisa.

Wiki ya kwanza: vikao vitatu, kila kimoja nusu ya muda mliozoea, mipigo 18 hadi 20, kwenye boti kubwa zilizotulia. Wiki ya pili: robo tatu ya muda, kasi ileile, na vipande vifupi vya mipigo kumi yenye nguvu. Wiki ya tatu muda wa kawaida. Mbio na vipimo vya kasi visubiri wiki ya nne. Mkiwa mmekaa zaidi ya miezi mitatu, kila wiki ya mpango huu ifanyeni mara mbili kabla ya kwenda inayofuata.

Viganja vitasumbua. Sugu zimelainika, na malengelenge yatatoka kwa kila mtu. Waambie mapema, wakate kucha, waoshe vishikio vya makasia kabla na baada, na anayechubuka damu apumzike siku moja badala ya kufunga kitambaa na kuendelea. Kidonda cha kiganja kinacholoweshwa kila siku huchelewa kupona.

Siku ya kwanza kabisa, kila mmoja akae kiti kilekile alichokiacha, hata kama unajua mwingine sasa ana nguvu zaidi, hata yule aliyefanya vikao viwili tu kwa wiki. Wageni na wapya wapewe viti vilivyobaki, wasichukue vya hao. Kuchagua upya kuanze wiki ya nne, kwenye maji, wote wakitazama.